Sura ya Sita: Kuanzia Mei Hadi Oktoba

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi Mei. Matokeo hutoka Julai. Vyuo vikuu hufungua mwaka wa masomo Oktoba au Novemba. Ndani ya miezi hiyo michache kijana wa miaka 18 au 19 anasubiri majibu ya maswali matatu: amefaulu kwa kiasi gani, amepata kozi gani na chuo gani, na ada italipwa na nani. Nyumbani huzungumzwa swali la kwanza tu. Linaombewa msikitini na kanisani, linaulizwa na shangazi kwenye simu, linatajwa kila chakula kinapopakuliwa. Yale mengine mawili yanamkuta kijana peke yake kwenye kibanda cha intaneti, siku ya mwisho ya maombi, akijaza fomu ambazo hakuna mtu aliyewahi kumweleza.

Nimekaa na wanafunzi wengi wa kidato cha sita, na ninachokiamini ni hiki: sehemu kubwa ya hofu inayowatesa haitokani na ugumu wa Fizikia wala Historia. Inatokana na mambo mawili. Hawajui matokeo yao yatasomwaje na vyuo, na hawana uhakika kama nyumbani watapokewa vilevile yakiwa mabaya. Mambo hayo mawili hayamo kwenye silabasi. Yamo mikononi mwa mzazi na mlezi.

Presha yenyewe huanza mapema zaidi, pale mwanafunzi wa kidato cha nne anapojaza kombi anazozitaka, yaani michanganyiko ya masomo ya kidato cha tano na sita. Katika nyumba nyingi hajazi yeye. Baba ameshasema PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) kwa sababu anataka daktari, au PCM kwa sababu mtoto wa jirani ni injinia wa barabara. Kombi za lugha na historia zinatajwa kwa sauti ya chini, kama vile ni za walioshindwa. Binti mwenye A ya Kiswahili na A ya Historia, anayesoma gazeti mpaka ukurasa wa mwisho, anapelekwa sayansi kwa sababu alipata C ya Baiolojia na C ya Kemia. Miaka miwili anaishi na somo asilolipenda, analala kwa saa nne au tano tu, anasikia kila likizo kwamba familia inamtegemea. Akipata E tatu mwishoni, anaitwa mvivu. Binti huyo si mvivu. Alipewa kazi ya mtu mwingine.

Kwa miaka mingi kombi zilizojulikana zilikuwa chache: PCM, PCB, PGM, CBG, EGM, ECA, HGE, HGK, HGL, HKL. Mwaka 2024 Serikali ilipanua orodha ikafika kombi, au tahasusi, 65, na ndani yake yameingia masomo ya sanaa, muziki, michezo, elimu ya dini na lugha kama Kichina na Kifaransa. Si kila shule inazo zote, na mzazi anapaswa kuuliza shule ipi inafundisha nini kabla ya kumpa mtoto matumaini. Lakini kupanuka huko kunamwondolea mzazi kisingizio cha kusema hakuna njia nyingine. Baada ya matokeo ya kidato cha nne mwanafunzi hupewa nafasi ya kubadili machaguo yake kwenye mfumo wa TAMISEMI kabla ya upangaji wa shule. Kaeni naye siku hizo. Muulize somo gani hulisoma bila kusukumwa. Mpeleke akamwone mtu anayefanya kazi anayoiota, akae naye siku nzima: zahanati, gereji, mahakama, shambani, ofisi ya mhasibu. Vijana wengi wanataka udaktari ambao hawajawahi kuuona ukifanyika, na wengi wanadharau kazi wasizozijua.

Sasa tuje kwenye alama, kwa sababu hapa ndipo kutojua kunaleta machozi yasiyo ya lazima.

Baraza la Mitihani, NECTA, na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wanahesabu pointi kwa namna mbili zinazopingana. Kwa NECTA, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Unajumlisha masomo matatu ya kombi, na pointi chache ndizo bora. Pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne. TCU wao wanageuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Hapo pointi nyingi ndizo bora, na kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza kwa jumla ni ufaulu wa masomo mawili, yale yanayohitajika kwa kozi husika, yenye jumla ya pointi 4.

Chukua kijana aliyepata D, D na S. NECTA wanamwandikia pointi 14, daraja la tatu. Nyumbani kunakuwa kama kuna msiba. Lakini D mbili kwa hesabu ya TCU ni pointi 4, kwa hiyo ana sifa ya kuomba shahada. Mwenzake amepata E, E na S. Naye ana daraja la tatu, la pointi 16, na watu mtaani wanawahesabu kuwa sawa. Kwa TCU ana pointi 2 tu katika masomo yake mawili bora, na hawezi kuingia shahada moja kwa moja. Daraja ni moja, safari ni tofauti kabisa. Mzazi asiyejua hesabu hii atamfariji asiyehitaji faraja, atamlaumu asiyestahili lawama, au atampeleka mtoto kurudia mtihani ambao hakuhitaji kuurudia.

Kuna jambo la kuongeza hapo. Kiwango cha chini ni sifa ya kuomba, hakikuhakikishii nafasi. Udaktari wa binadamu unadai angalau D katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, lakini wanaoomba Muhimbili ni wengi kuliko viti, na viti huchukuliwa kuanzia juu. Mwambie kijana ukweli huo mapema, na mwambie pia njia ya pili: stashahada ya utabibu, yenye ufaulu mzuri, inamfikisha kwenye shahada hiyo hiyo baada ya miaka kadhaa, naye akiwa ameshagusa wagonjwa. Aliyekosa pointi anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, anaweza kwenda chuo cha kati kinachosimamiwa na NACTVET, anaweza kuingia Chuo Kikuu Huria kwa programu ya awali ya kujiandaa na shahada, anaweza kwenda VETA akatoka na ufundi mikononi mwake. Njia hizi zitajwe kidato cha tano, mtoto akiwa bado anacheka, zikiwa habari za kawaida za nyumbani. Ukingoja kuzitaja siku ya matokeo mabaya, atazisikia kama hukumu.

Mwili wa kijana husema kabla ya mdomo wake. Nchi yetu ina ushahidi maarufu wa jambo hilo. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya wamisionari kijijini Kashasha, katika mkoa wa leo wa Kagera, wasichana watatu walianza kucheka na wakashindwa kujizuia. Hali ikawaenea wenzao. Shule ilipofungwa Machi 18, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa na vicheko na vilio vilivyokuja na kuondoka kwa saa au siku. Waliporudishwa makwao, hali ikazuka vijijini. Madaktari walipima, hawakukuta sumu wala vijidudu. Watafiti wa baadaye wamelieleza tukio hilo kuwa ni msongo: wasichana wadogo, mbali na nyumbani, chini ya kanuni kali na matarajio makubwa, katika nchi iliyokuwa imepata uhuru wiki chache tu nyuma.

Hata sasa shule za bweni zinajua siku kama hizo. Mtihani wa majaribio, moku, unakaribia, msichana mmoja anaanguka, kisha watatu, kisha bweni zima, na wazazi wanaitwa na maneno ya mashetani yanaanza. Dua zifanyike, sina ugomvi na dua. Lakini mtoto huyo pia alale, ale, na aulizwe anaogopa nini. Kijana anayekesha na miguu kwenye beseni la maji baridi ili asisinzie hajifunzi. Ubongo huhifadhi kilichosomwa mtu akiwa usingizini. Kichwa kinachouma kila Jumapili jioni, tumbo linalovurugika kila asubuhi ya jaribio, hedhi iliyokatika, hasira zisizo na sababu: hizo ni taarifa, zisikilizwe.

Na zipo dalili ambazo hazingoji likizo. Kijana anayesema hana faida, anayesema familia itakuwa afadhali bila yeye, anayegawa vitu vyake, anayejitenga na marafiki aliokuwa hawezi kukaa bila wao, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Wazee wengi wanaogopa swali hilo wakidhani litampandikizia wazo. Halipandikizi. Humpa nafasi ya kutua mzigo. Kaa naye, usimwache peke yake usiku huo, ondoa dawa na sumu za shambani karibu yake, mpeleke hospitali. Kitengo cha afya ya akili si cha vichaa. Hospitali za rufaa zinavyo, na Mirembe, Dodoma, wanapokea watu wa kila aina. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure, na mzazi anaweza kuipiga pia.

Kisha inakuja siku ya matokeo. Matokeo ya NECTA hupandishwa kwenye tovuti shule kwa shule. Inaonekana namba ya mtihani, jinsi, pointi, daraja na alama ya kila somo. Maana yake, yeyote mwenye namba ya mwanao anaweza kuyaona kabla yake. Mjomba ameipata, dereva wa bodaboda anayemjua mjomba ameipata, na saa sita mchana picha ya matokeo iko kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, watu wanatuma emoji. Nimeona vijana waliopata daraja la kwanza wakilia kwa sababu hiyo tu. Namba ya mtihani ni ya kijana. Usiigawe. Ndugu wakiiomba, jibu la heshima lipo: "Mwenyewe atawaambia, mtuombee tu."

Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, NECTA waliacha kutaja wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Wengine walilalamika kwamba ushindani umeuawa. Mimi niliona ni uamuzi wa busara uliochelewa. Orodha ile iliwatukuza watoto kumi na kuwaacha maelfu wakijiona si kitu, wakiwemo waliotoka shule isiyo na maabara wakapata daraja la pili kwa kusoma kwa taa ya simu. Lakini Baraza limefuta orodha yake, sisi nyumbani tumebaki na zetu: "Dada yako alipata wani ya tano." "Mtoto wa Mama Salma yuko Mlimani." Hakuna waraka wa Serikali utakaozifuta hizo. Ni sisi.

Mwache kijana afungue matokeo mwenyewe, kwenye simu yake, mahali anapotaka. Kaa karibu. Sentensi yako ya kwanza ataikumbuka miaka arobaini, kwa hiyo iandae kabla. Isiwe swali la pointi. Inatosha kusema, "Mwanangu, njoo ule." Yakiwa mazuri, mtashangilia pamoja. Yakiwa mabaya, usiyajadili siku hiyo. Aliyevunjika moyo hasikii mipango. Siku ya tatu au ya nne kaeni na kalamu, mhesabu pointi za TCU, mwone kilichobaki wazi. Kilichobaki mara nyingi ni kikubwa kuliko mlivyodhani.

Baada ya hapo kazi inageuka kuwa ya karatasi, na hapa ndipo mtu mzima anahitajika kuliko wakati mwingine wowote. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 maombi ya shahada hayapitii tena mfumo mmoja wa pamoja. Mwombaji anatuma moja kwa moja kwa kila chuo. Madirisha hufunguliwa kwa awamu. Anaweza kuchaguliwa na vyuo viwili au vitatu, kisha lazima athibitishe kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa kwenye simu. Asiyethibitisha kwa wakati anaweza kupoteza nafasi aliyoipigania miaka miwili. Kuna vijana ambao kipindi hicho wako kambini JKT kwa mujibu wa sheria, mafunzo yaliyorejeshwa mwaka 2013, na simu si za kushika muda wote. Laini iliyoandikwa kwenye maombi ikae kwa mtu wa kuaminika nyumbani anayejua kusoma ujumbe na kujua nini cha kufanya nao. TCU hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, wenye sifa za kila kozi ya kila chuo. Ni bure kwenye tovuti yao. Usisome maneno ya wapiga debe wa vyuo kabla hujausoma huo.

Na pesa. Hapa wazazi wengi wenye upendo hukosea kwa sababu ya aibu. Baba hataki mtoto ajue kwamba duka limefilisika, mama hataki kusema kwamba shamba limeshauzwa. Kijana anaomba chuo cha binafsi cha mamilioni akidhani hela zipo, anagundua Oktoba kwamba hazipo, na anabeba kosa ambalo si lake. Mweleze hali halisi akiwa kidato cha tano. Atasikitika jioni moja. Kisha atapanga kama mtu mzima, kwa sababu umemtendea kama mtu mzima.

Bodi ya Mikopo, HESLB, ilianza kazi mwaka 2005 kwa sheria ya 2004. Haimpi kila mwombaji, na haimpi kila mmoja kiasi sawa. Inapima uhitaji wa familia. Pesa ya chakula na malazi, ambayo wanachuo huiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000 katika mwaka wa masomo 2022/23, na mtu anayejua bei ya wali maharage Dar es Salaam ataona kwamba inamlazimu kijana kujua kupanga matumizi. Mkopo hurudishwa: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo kaka na dada zao bado wanaisimulia kwa uchungu, iliondolewa mwaka 2021. Kijana aelezwe yote haya kabla ya kusaini, maana deni litakuwa lake. Wenye ufaulu wa juu sana katika sayansi wanaweza pia kupata Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka 2022/23.

Dirisha la mkopo katika miaka ya karibuni limefunguliwa mwezi Juni, hata kabla ya matokeo. Linadai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA, au na ZCSRA kwa Zanzibar. Kwa yatima, vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa pia. Mdhamini mwenye kitambulisho. Sahihi na mhuri wa serikali ya mtaa au kijiji. Na mwanasheria wa kushuhudia kiapo. Kila kimoja kina foleni yake. Ukikuta jina la shuleni ni Abdallah na cheti kinasema Abdalah, au binti alisajiliwa kwa jina la babu na akasoma kwa jina la baba, kurekebisha kunachukua wiki, na wiki hizo hazipo Agosti.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, wewe uliye na mtoto kidato cha tano au cha sita: kitoe cheti chake cha kuzaliwa leo, kilinganishe herufi kwa herufi na jina alilosajiliwa nalo NECTA, na kama kuna tofauti nenda RITA wiki hii. Yeye mwachie Fizikia yake.